Kisu kipya cha uzazi: nani atahesabu majeraha?

Katika hospitali za ng'ambo kumezuka visu vya aina mpya vya kuwapasulia kina mama wanaoshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Ncha ya kisu cha namna hii imekingwa, na makali yake yamegeuzwa ndani mfano wa ndoana, ili daktari aupasue mji wa mimba kwa kuuinua na kuuvuta kuelekea kwake, badala ya kuyakandamiza makali kumwelekea mtoto. Wanaovitengeneza wanadai kwamba visu hivyo vinamwepusha mtoto na jeraha, na kumwepusha daktari na kujikata kidole. Dai hilo ni zuri, na huenda likawa la kweli. Lakini dai la mwuzaji si ushahidi. Haja yangu leo ni kuwaalika wasomaji, hasa walimu na wanafunzi wao, tulitafakari swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya kifaa hicho kutufikia: tutajuaje kwamba ni salama kwa mzazi wa huku kwetu?

Ninaposema huku kwetu nina mahali mahsusi akilini. Katito ni soko la Nyakach, katika kaunti ya Kisumu, penye njia panda: barabara itokayo Ahero hugawanyika hapo, moja ikielekea Sondu na Kisii, nyingine Kendu Bay na Homa Bay. Mvua zinapozidi, mito ya nyanda za chini hufurika na vijia vya vijijini havipitiki hata kwa bodaboda. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa hapo, wa kubuni tu, mwenye uchungu tangu alfajiri. Mtoto hashuki. Amekaa nyumbani hadi jua la utosi kwa sababu nauli haikuwapo, au kwa sababu mkunga wa kijijini, nyamrerwa kama Wajaluo wamwitavyo, alimpa matumaini. Anapofika kituo cha afya anaandikiwa rufaa, na safari ya Kisumu inaanza, hadi Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wangali wakiiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Anapolazwa juu ya meza ya upasuaji, mji wake wa mimba umekuwa mwembamba kwa kutanuka saa nyingi, maji ya uzazi yamekwisha kumwagika, na kichwa cha mtoto kimekwama chini kabisa. Hapo ndipo kisu kinapokuwa hatari kupita kawaida, maana kati ya makali na shavu la mtoto hakuna ila nyama ya milimita chache.

Basi hatari ipo. Nchini Marekani watafiti walichunguza kumbukumbu za upasuaji wa uzazi 37,110, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 walionyesha kwamba watoto 418 waliumia kwa namna moja au nyingine, yaani kiasi cha 1.1 kwa kila 100. Waliokatwa ngozi walikuwa 272, ambao ni kama 7 kwa kila 1,000. Jeraha la aina hiyo mara nyingi ni mkwaruzo unaopona upesi, ingawa wapo watoto wanaokua na kovu usoni lililoandikwa kabla hawajavuta pumzi ya kwanza.

Mwalimu wa hisabati atautambua mara moja ugumu uliomo katika tarakimu hizo. Tuseme kisu kipya kimetumiwa kwa wazazi 100 na hakuna mtoto hata mmoja aliyekatwa. Mwuzaji atatangaza kwamba kisu ni salama mia kwa mia. Lakini hata kwa kisu cha zamani, katika wazazi 100 tungetarajia mtoto asiyefikia mmoja kukatwa! Kukosa kuona jeraha katika hesabu ndogo namna hiyo hakuthibitishi lolote. Wataalamu wa takwimu wana kanuni nyepesi ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuikariri: kama umejaribu jambo mara kadhaa na baya halikutokea kamwe, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, nawe utapata kiwango cha juu ambacho baya hilo lingali linaweza kufikia. Kwa wazazi 100 jibu ni 3 kwa 100, zaidi ya mara nne ya hatari ya kisu cha zamani. Kwa wazazi 300 jibu ni 1 kwa 100, na bado hatujaishinda ile 7 kwa 1,000. Anayetaka kuthibitisha kweli kwamba kisu kipya kinapunguza majeraha ya watoto kwa nusu atahitaji kulinganisha zaidi ya wazazi 6,000 waliopasuliwa kwa kisu kipya na idadi kama hiyo waliopasuliwa kwa kile cha kawaida. Kwa hiyo, msomaji, ukisikia kwamba kifaa fulani kilijaribiwa kwa watu hamsini na wote wakafurahi, furahi pamoja nao, lakini usiandike hundi.

Tena hapo tumemhesabu mtoto peke yake. Mama je? Mpasuo wa mji wa mimba ukitatuka kuelekea ubavuni unaweza kuifikia mishipa mikubwa ya damu. Kibofu cha mkojo kiko jirani mno. Kifaa kinachovuta badala ya kukandamiza kinaweza kumwokoa mtoto kovu na papo hapo kikaurefusha mpasuo wa mama; sisemi kwamba ndivyo kinavyofanya, nasema kwamba ni lazima apatikane mtu wa kuhesabu. Na yapo madhara yasiyoonekana siku hiyo wala wiki hiyo, kwa mfano kidonda kinachooza baada ya mama kurudi nyumbani, mkojo unaovuja, na kovu la ndani linaloachia katika mimba ya pili, pengine miaka mitatu baadaye, usiku, mbali na hospitali.

Kuna kisa kimoja cha miaka ya karibuni ambacho ningependa kila chuo cha wauguzi kikifundishe. Hakihusu kisu bali kibofu cha kuzuia damu. Mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa, na dawa zikashindwa, huweza kuingizwa ndani ya mji wa mimba mpira mwembamba uliofungwa kondomu mwishoni. Kondomu hiyo hujazwa maji ikavimba na kuibana mishipa inayovuja. Ni wazo la werevu mkubwa na gharama yake ni ndogo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambamo wauguzi walifundishwa kukitumia, pamoja na Sierra Leone, Senegali na Nepali, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 ilieleza habari za kina mama wapatao 200 waliowekewa kibofu hicho. Walio wengi mno walinusurika. Nani asingeshawishika? Wauguzi waliokuwapo waliiona damu ikikoma kwa macho yao, na ushuhuda wao ulikuwa wa kweli.

Hata hivyo, ushuhuda huo ulikosa kitu kimoja: hapakuwa na kina mama wengine wa kulinganisha nao. Huenda wengi wa walionusurika wangenusurika kwa dawa na uangalizi tu. Ndipo likafanywa jaribio lingine katika hospitali 18 za Uganda, Misri na Senegali, ambamo kibofu kiliingizwa kwa awamu, hospitali zikipewa zamu kwa kura, ili kipindi cha kabla kilinganishwe na kipindi cha baada. Matokeo yalitoka mwaka 2019 yakawashtua wengi. Kina mama waliokufa au waliolazimika kupasuliwa kwa ajili ya damu hawakupungua baada ya kibofu kuletwa, waliongezeka. Wataalamu walibishana sana juu ya sababu, na matukio yenyewe yalikuwa machache kiasi cha kuacha nafasi ya shaka. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, katika ushauri wake mpya, liliweka sharti lililo wazi: kibofu kitumiwe mahali ambapo mama anaweza kupasuliwa mara moja ikibidi na ambapo damu ya kumwongezea ipo.

Tulitazame sharti hilo kwa makini. Maana yake ni kwamba kifaa kile kile, kikiwa mikononi mwa muguzi yule yule, kinaweza kufaa Kisumu mjini na kisifae kituoni ambako hakuna chumba cha upasuaji wala damu. Tumezoea kusema "kifaa salama" kana kwamba usalama umetiwa ndani ya chuma kiwandani. Ukweli ni kwamba kipimo cha usalama kilichofanywa Boston au London kinatueleza habari za Boston na London. Kinachobaki kupimwa ni kifaa hicho kikiwa Nyakach, usiku, umeme ukikatika, mikononi mwa daktari kijana anayefanya upasuaji wa tano tangu jana.

Sitaki nionekane kama mtu anayedhani kwamba majaribio mazuri hayawezekani katika nchi kama yetu. Yamefanyika, na kina mama wa Kenya walishiriki. Kati ya mwaka 2007 na 2010 kina mama 15,935 waliandikishwa katika jaribio lililoitwa CORONIS, lililofanyika Argentina, Chile, Ghana, India, Kenya, Pakistan na Sudan, na lilikuwa juu ya upasuaji huu huu wa uzazi. Liliuliza maswali ambayo madaktari walikuwa wakiyabishania kwa miaka. Je, tumbo lifunguliwe kwa makali au kwa kupanuliwa kwa vidole? Mji wa mimba utolewe nje wakati wa kushonwa au uachwe ndani? Ushonwe kwa safu moja au mbili? Utumiwe uzi wa utumbo wa mnyama au uzi wa kisasa? Kila mama alipangiwa njia kwa kura, si kwa hiari ya daktari.

Jibu la mwaka 2013, baada ya kuwafuatilia kina mama kwa wiki sita, lilikuwa kwamba hakuna tofauti ya maana baina ya njia hizo. Kidole na kisu vilitoka sare! Pengine msomaji atauliza kuna faida gani kutumia miaka na mali nyingi ili kuambiwa kwamba hakuna tofauti. Faida ni kubwa. Daktari aliyezoea njia moja hana haja ya kulazimishwa nyingine, na hospitali maskini haina haja ya kuona haya kwa uzi wake wa bei nafuu. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwatafuta kina mama hao tena baada ya miaka mitatu, wakawapata zaidi ya 13,000, wakauliza habari za mimba zilizofuata, makovu yaliyoachia na maumivu yasiyokwisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na bado njia hizo zililingana. Mimi kinachonivutia zaidi katika habari hiyo ni ile idadi. Wapo wanaotuambia kwamba mama wa Afrika au wa Asia, akishatoka wadini, hapatikani tena. Eti amehama, hana anwani, hana simu. Wenye nia waliwapata.

Wakazi wa kando ya ziwa nao si wageni wa majaribio ya vifaa. Pete ya Kichina ya kutahiria, iitwayo Shang Ring, ilijaribiwa Homa Bay mwaka 2009 kwa wanaume 40, kisha ikalinganishwa na upasuaji wa kawaida kwa mamia ya wanaume wa Kenya na Zambia, na Shirika la Afya Duniani likaikubali mwaka 2015. Kifaa kingine cha kazi hiyo hiyo, PrePex, kilikuwa kimekubaliwa mwaka 2013. Lakini kilipoanza kutumiwa kwa wingi Afrika Mashariki yalijitokeza matukio ya pepopunda ambayo majaribio ya awali hayakuyaonyesha, ikabidi utolewe ushauri kwamba wanaume wachanjwe kabla ya kuwekewa. Kwa hiyo hata jaribio jema likishapita, hesabu haikomi.

Narudi kwenye upasuaji wa uzazi, maana kuna jambo zito kuliko kisu. Mwaka 2016 madaktari wa nchi 22 za Afrika walishirikiana kuandika yaliyowapata wagonjwa wote waliopasuliwa hospitalini mwao kwa muda wa wiki moja. Miongoni mwao walikuwamo kina mama 3,684 wa upasuaji wa uzazi. Waliokufa walikuwa 20, kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Na katika kila kina mama sita, mmoja alipatwa na madhara baada ya upasuaji. Je, kina mama hao walikufa kwa sababu ncha ya kisu haikukingwa? La. Sababu zilizohusishwa zaidi na vifo hivyo ni kutokwa na damu kabla na baada ya upasuaji, na matatizo ya dawa ya usingizi. Mama alifika amechelewa, damu ya kuongezewa haikutosha, na wataalamu wa usingizi walikuwa wachache.

Na tusidhani kwamba Afrika ilifundishwa upasuaji huu na kisu cha Kizungu. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Bunyoro, katika Uganda ya leo, mganga akimpasua mzazi. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi. Pombe hiyo hiyo iliosha mikono ya mganga na tumbo la mama. Chuma cha moto kiligusishwa penye kuvuja damu. Na mwisho jeraha lilifungwa kwa pini saba za chuma zilizozungushiwa uzi wa gome la mti, juu yake ukapakwa ujiuji wa mizizi. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Zama hizo hospitali nyingi za Ulaya zilikuwa zikiwazika kina mama waliofanyiwa upasuaji kama huo. Felkin hakustaajabia kisu. Kisu kilikuwa kisu. Kilichomshangaza ni utaratibu wenyewe: wasaidizi waliojua nafasi zao, jeraha lililooshwa, na mgonjwa aliyeangaliwa siku hata siku hadi alipopona.

Nayasema haya kwa sababu sisi Wakenya tuna historia ya kupenda vifaa kuliko utaratibu. Mwaka 2015 serikali kuu ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa mabilioni ya shilingi, hospitali mbili katika kila kaunti, vikiwamo vifaa vya vyumba vya upasuaji. Kaunti zilikatwa fedha kila mwaka kulipia. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilitoa taarifa kali mwaka 2020, na miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumiwa kwa kukosa wataalamu, maji au umeme. Vilikuwa vipya na vilikuwa vya kisasa. Mzazi hakuvihisi.

Sasa tumfikirie afisa wa afya wa kaunti siku mwuzaji wa kisu kipya atakapobisha hodi na maboksi matatu ya bure. Bure hiyo ndiyo ya kuogopwa. Maboksi yakiisha baada ya miezi sita, je, kaunti itanunua mengine, au wauguzi wataanza kuvichemsha visu vilivyokusudiwa kutumiwa mara moja tu? Madaktari vijana waliojifunzia kwa kisu kilichokingwa watakuwa na mkono gani siku watakaporudia kisu cha kawaida? Katika nchi nyingi visu na mikasi ya kawaida ya mkono huwekwa katika daraja la vifaa vyenye hatari ndogo, navyo huruhusiwa sokoni bila kudaiwa jaribio la kina mama hata mmoja. Mnunuzi akionyeshwa cheti cha ng'ambo ni vyema aulize cheti hicho kilitolewa kwa ushahidi gani. Huku kwetu Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka juu ya vifaa vya tiba, na utafiti wowote juu ya binadamu hauna budi kupitishwa na kamati ya maadili. Milango ipo. Tatizo ni kwamba kifaa kinachoingia kwa jina la zawadi, au la "mafunzo", huweza kupita pembeni.

Suala la ridhaa nalo halielezwi ipasavyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwamo afya ya uzazi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kutibiwa. Lakini yule mama wetu wa Katito, mwenye uchungu tangu alfajiri, akipewa karatasi ya Kiingereza ya kurasa nne atie sahihi kwamba amekubali kujaribiwa kisu, atatia sahihi chochote. Angetia sahihi hata hati ya kuuza shamba. Ridhaa ya namna hiyo ni kejeli. Mahali pa kumweleza ni kliniki ya wajawazito, mwezi wa saba au wa nane, akiwa ametulia, kwa Kijaluo au Kiswahili, mumewe au mama mkwe akiwapo ikiwa mwenyewe anapenda. Aambiwe kwamba upasuaji ukihitajika visu ni viwili, kwamba hakuna ajuaye kipi ni bora, na kwamba akikataa hatanyimwa huduma. Wengi watakubali. Mzazi akielezwa kweli si mchoyo.

Najua nitajibiwa kwamba masharti haya yanachelewesha maendeleo, na kwamba wakati sisi tunahesabu, watoto wanakatwa nyuso. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Upasuaji wa uzazi unazidi kuenea Kenya: katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 watoto 9 hivi kwa kila 100 walizaliwa kwa njia hiyo, na katika ule wa mwaka 2022 walifika 17. Kila upasuaji unaoongezeka unaongeza nafasi ya kosa. Kama kisu kipya kinafaa, kuchelewa ni madhara. Lakini mwaka 2023 tulipewa mfano mzuri wa jinsi haraka na hesabu zinavyoweza kwenda pamoja. Katika jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuhusisha wazazi zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida, kina mama walitandikiwa karatasi ya plastiki yenye mistari ya kupimia damu inayotoka, na damu ilipofika mstari wa hatari matibabu yote yalitolewa kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe. Madhara makubwa ya kutokwa na damu, pamoja na vifo, yalipungua kwa asilimia 60. Kifaa chenyewe ni plastiki! Kilichobadilika ni kwamba kitu kilichokuwa kikikisiwa kwa macho sasa kilipimwa, na aliyepima alijua la kufanya.

Kwa hiyo rai yangu kwa wakubwa wa afya wa kaunti za ziwani ni kwamba kisu kipya kisikataliwe wala kisipokewe kwa shangwe. Kiingie kwa sharti la jaribio lililosajiliwa, kwa kura, kikilinganishwa na kisu cha kawaida, katika hospitali kadhaa kwa pamoja kwa kuwa hospitali moja haitafikisha idadi inayotakiwa. Matokeo yachapishwe yakiwa matamu au machungu, na mwuzaji asiwe mwenye daftari.

Daftari lenyewe halihitaji kubuniwa upya. Mwaka 2023 wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii walizinduliwa nchini kote, wakapewa mikoba na simu za kuandikia habari za kila nyumba. Mmoja wao yumkini anamjua mama wetu kwa jina na anajua njia ya kwao mafuriko yakiwapo. Isitoshe, mama huyo atarudi kliniki mwenyewe. Mtoto akitimiza wiki 6 huletwa kuchanjwa, na kina mama wa Katito hawachezi na siku hiyo. Wanapanga foleni tangu asubuhi, kitabu cha mama na mtoto mkononi. Mtoto hupimwa uzani, hudungwa sindano, huandikwa. Mama aghalabu huambiwa tarehe ya kurudi, akajifunga leso na kwenda zake na kidonda chake. Muguzi angemwita kando kwa dakika mbili, amtazame tumbo, amwulize kama kidonda kilitoa usaha, kama mkojo unavuja, kama alirudi hospitali baada ya kuruhusiwa, na majibu hayo yaandikwe katika kitabu hicho hicho, mstari mmoja chini ya chanjo, pamoja na jina la kisu kilichotumika.